Zamani Tunayoisifu Ilizika Watoto Wake

Desemba iliyopita, kama ilivyo ada ya watu wengi wa Kagera wanaofanya kazi mbali na kwao, nilirudi nyumbani Kishanda. Jioni moja tulikaa uani, wazee kwa vijana, na mazungumzo yakageukia maradhi ya siku hizi: kisukari, shinikizo la damu, saratani. Kijana mmoja, mhitimu wa chuo kikuu, akasema kwa kujiamini: "Zamani watu hawakuumwa. Walikula ndizi na maharage ya kibanjani, walikunywa maji ya chemchemi, wakaishi miaka tisini. Haya madawa na machanjo ndiyo yanayotumaliza." Wengi waliafiki kwa kutikisa vichwa. Shangazi yangu, ambaye umri wake unakaribia miaka themanini, hakujibu neno. Aliinuka taratibu, akachukua mkongojo wake, akaniambia nimfuate.

Tulikwenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Alisimama mahali ambapo nimepita mara nyingi tangu utotoni, nikikata majani au nikifuata mbuzi, bila kuona chochote cha kunisimamisha. Akaelekeza mkongojo chini. "Hapa wapo watano," alisema. "Bibi yako alizaa tisa, mwanangu. Sisi unaotujua ni wanne."

Nilikuwa najua kwa mbali kwamba Bibi alipoteza watoto. Katika familia zetu jambo hilo hutajwa kwa sentensi moja, kisha mazungumzo yakahamia kwingine. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, niliambiwa walikufaje. Naandika makala hii kwa sababu ninaamini kwamba kijana yule na wenzake wengi hawana nia mbaya. Wanasifu zamani ambayo hawajasimuliwa. Nasi tuliosoma tumekaa kimya, kana kwamba kuwasimulia ni kuwavunjia heshima wazee wetu.

Wawili wa mwanzo waliondoka kwa surua. Ilikuwa kabla ya uhuru, na shangazi alikuwa mdogo kiasi kwamba anachokumbuka zaidi ni giza la nyumba, kwa kuwa watu waliamini mgonjwa wa surua asipigwe na mwanga. Mmoja alikufa, na kabla majuma mawili hayajatimia, mwenzake akafuata. Wa tatu alishikwa na homa jioni. Usiku akaanza kukakamaa na macho kugeuka, na watu wakasema ni degedege. Aliletewa dawa ya kufukizwa na dawa ya kuogeshwa. Alfajiri alikuwa ameshakata roho. Wa nne alikuwa mvulana ambaye, tangu alipokuwa wa kukaa, mikono na miguu yake ilivimba mara kwa mara. Macho yake yalikuwa na rangi ya manjano, na usiku alilia akisema mifupa inamuuma. Alifika miaka minne. Wa tano hakumaliza juma. Siku ya sita alishindwa kunyonya, taya zikabana, mwili ukawa mgumu kama ubao. Alizikwa akiwa hajapewa jina.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Baada ya kifo cha tatu, majirani waliacha kuuliza mtoto ameugua nini. Walianza kuuliza ni nani. Wengine walimtaja mke wa jirani. Wengine, wakiwamo watu wa ndani ya ukoo, walimtaja Bibi mwenyewe: tumbo lake lina mkosi, au amebeba kitu kutoka kwao. Mganga aliitwa, mbuzi wakatolewa. Babu alishauriwa aoe mke mwingine. Bibi alirudishwa kwa wazazi wake, akakaa huko karibu mwaka mzima kabla ya kurejeshwa. Mwanamke aliyefiwa na watoto watano alihukumiwa kana kwamba yeye ndiye aliyewaua.

Leo tunaweza kuvitazama vifo hivyo vitano na kueleza kila kimoja. Surua huambukizwa kwa hewa, na ndiyo maana huingia nyumba moja ikachukua ndugu wawili kwa mfuatano. Chanjo yake ilipatikana duniani mwaka 1963, na nchi yetu ilianzisha Mpango wa Taifa wa Chanjo mwaka 1975. Watoto wale walikufa kabla chanjo hiyo haijakuwapo popote. Degedege, kwa sehemu kubwa, ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Dawa ya klorokwini ilikuwa imekwisha kupatikana, lakini dawa iliyopo hospitali ya misheni ng'ambo ya vilima haimsaidii mtoto anayeugua jioni na kufa alfajiri. Isitoshe, katika sehemu nyingi za nchi yetu iliaminika kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, imani iliyoendelea kuwepo hadi miaka ya karibuni. Aliyekufa siku ya sita kwa kubana taya alikuwa na pepopunda, iliyoingia kupitia kitovu. Siku hizi mama mjamzito huchomwa sindano ya kinga kliniki, na kinga hiyo humfikia mtoto akiwa bado tumboni.

Aliye mgumu kueleweka kwa jicho la zamani ni yule wa nne. Kwa dalili alizozitaja shangazi, nina hakika ya kutosha kwamba alikuwa na selimundu. Hapa tunagusa jambo linaloihusu moja kwa moja Kanda ya Ziwa. Selimundu hurithiwa. Baba na mama wote wakiwa na vinasaba vyake, wao wenyewe wanaweza kuishi wakiwa na afya njema maisha yao yote, lakini kila mimba wanayopata ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Fikiria jambo hilo linavyoonekana kwa majirani: nyumba moja inazika mtoto baada ya mtoto, na nyumba ya pili, yenye chakula kilekile na mbu walewale, haiziki. Asiyejua elimu ya urithi angefikiria nini kama si laana?

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza katika kitabibu cha kisasa na daktari James Herrick wa Chicago mwaka 1910. Lakini fumbo lake kubwa lilifumbuliwa huku kwetu. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1949, akaona kwamba vinasaba vya selimundu vimejaa kandokando ya Ziwa Viktoria na pwani, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: anayerithi kinasaba kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Malaria ndiyo iliyokihifadhi kinasaba hicho katika damu yetu kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo mtoto wa tatu wa Bibi na mtoto wa nne, ambao ukoo uliwahesabu kuwa wamelogwa kwa njia mbili tofauti, waliuawa na historia moja: mmoja na malaria yenyewe, mwingine na gharama ya kinga dhidi yake. Watafiti wa Bugando, Mwanza, walipopima watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini magharibi katika muongo uliopita, walikuta karibu mmoja kati ya watano amebeba kinasaba hicho. Huo ndio ukweli ambao Bibi alistahili kuambiwa, naye alirudishwa kwao bila kuambiwa.

Baadhi ya wasomaji watadhani naidhalilisha Afrika. La hasha. Kufiwa na watoto kulikuwa hali ya binadamu wote. Malkia Anne wa Uingereza, aliyeishi na matabibu pembeni yake, alishika mimba 17. Mtoto wake aliyeishi kuliko wote alifariki mwaka 1700 akiwa na miaka 11. Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, alizaa watoto 20 na nusu yao hawakufika utu uzima. Abraham Lincoln alimzika mwanawe Willie mwaka 1862 akiwa rais wa Marekani. Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwazika wanawe wote wa kiume wakiwa wadogo. Utajiri, cheo na utakatifu havikumzuia mtu kuzika mwanawe. Kilichobadilisha hali hiyo ni maji safi, chakula cha kutosha, elimu ya mama, chanjo na dawa. Na vitu hivyo vilifika kwanza mahali ambapo serikali ziliamua vifike.

Hapa ndipo lilipo kosa la kijana wetu wa uani. Anatazama wazee wanne waliobaki, anaona ni wakakamavu, kisha anahitimisha kwamba zamani watu wote walikuwa wakakamavu. Hawezi kuwahesabu wale watano kwa sababu hawapo, na kaburi lao halina hata jiwe. Miaka ya uhuru wetu, kwa makadirio yaliyopo, karibu mtoto mmoja kati ya wanne nchini hakufikisha miaka mitano. Waliofika themanini ni wale waliopenya kwenye tundu hilo la sindano. Vyakula vya kibanjani vilikuwa vizuri, nami navila hadi leo kwa furaha, lakini ndizi haikingi surua.

Lugha zetu zenyewe zinatoa ushahidi. John Beattie, mwanaanthropolojia aliyeishi Bunyoro, Uganda, katika miaka ya 1950, aliyachunguza majina ya watu wa huko, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihaya. Alikuta majina mengi yanazungumzia kifo, huzuni, umaskini na chuki za majirani. Katika Kiswahili nako tunao akina Mashaka, Tabu, Shida na Masumbuko. Tunayatamka kila siku bila kujiuliza yalitoka wapi. Mzazi anayempa mwanawe jina la kilio huwa amelia kabla ya mtoto huyo kuja.

Sasa tuhesabu tulikofika. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa 112 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa mwaka 2004/05. Vikashuka hadi 67 katika utafiti wa 2015/16, na 43 katika ule wa 2022. Ndani ya takriban miaka kumi na minane tumepunguza vifo hivyo kwa zaidi ya nusu. Sijui jambo lolote katika historia ya nchi yetu tangu uhuru linalostahili fahari kuliko hilo, na bado sijawahi kuona likisherehekewa kwa gwaride.

Wilaya yetu ya Muleba ina nafasi yake katika ushindi huo. Mwaka 2006 ilikumbwa na mlipuko mkali wa malaria, na mwaka uliofuata upuliziaji wa dawa ya mbu majumbani ukaanza. Kati ya mwaka 2015 na 2017 Muleba ilikuwa mahali pa utafiti mkubwa wa vyandarua vya aina mpya, vyenye kiambato kinachovunja usugu wa mbu. Matokeo yake yalichangia Shirika la Afya Duniani kuvipendekeza vyandarua hivyo mwaka 2017. Watoto waliolala chini ya vyandarua katika vijiji vyetu wamewaokoa watoto wa mataifa ambayo wazazi wao hawawezi kuyataja.

Hata hivyo, takwimu hizohizo zina onyo. Katika utafiti wa 2007/08, watoto 41 kati ya kila 100 waliopimwa Kagera walikutwa na vimelea vya malaria. Katika ule wa 2011/12 walishuka hadi 8. Ilipofika mwaka 2017 walikuwa wamepanda tena hadi 15. Malaria haisaini mkataba wa amani, ukilegeza, inarudi.

Na sisi tumeyajenga mafanikio haya juu ya mifuko ya wengine. Mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na malaria, ulioanzishwa mwaka 2005, uliichagua Tanzania kuwa miongoni mwa nchi tatu za mwanzo, na ndio uliogharamia sehemu kubwa ya upuliziaji Muleba. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na katikati ya mwaka huo ikatangaza kuacha kuichangia Gavi, taasisi inayozisaidia nchi kama yetu kununua chanjo. Wapo waliokasirika. Mimi niliona aibu. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Karibu robo karne baadaye, bado tunahangaika kuitimiza ahadi tuliyojiwekea wenyewe. Taifa linaloweza kununua magari ya kifahari kwa ajili ya misafara ya viongozi haliwezi kudai kwamba chanjo ya surua ni jukumu la mlipa kodi wa nchi nyingine.

Kuna takwimu moja zaidi ambayo ningependa ikae mezani kwa kila mbunge. Vifo vya watoto wachanga, yaani wale wanaokufa ndani ya siku 28 za mwanzo, vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2015/16. Mwaka 2022 vilikuwa 24. Tumewashinda maadui wanaozuilika kwa chandarua na sindano, lakini zaidi ya nusu ya watoto wanaokufa kabla ya miaka mitano sasa wanakufa katika mwezi wao wa kwanza. Kumwokoa mtoto huyu hakuwezekani kwa kampeni ya siku tatu yenye fulana na vipaza sauti. Anahitaji mkunga aliyelala usingizi wa kutosha, oksijeni inayofanya kazi, umeme usiokatika, joto la kifua cha mama kwa aliyezaliwa njiti, na gari la wagonjwa lenye mafuta. Anahitaji mfumo, na mfumo hujengwa kwa bajeti inayopangwa na kusimamiwa mwaka baada ya mwaka.

Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipoingia Kagera, serikali ilichukua hatua kwa haraka, wataalamu wakamiminika, na ndani ya miezi mitatu ukatangazwa kwisha. Watu sita walifariki. Naipongeza serikali kwa kazi ile. Lakini nauliza: watoto wachanga wanaokufa katika mkoa huohuo bila tangazo lolote, kwa nini hawatupi dharura kama ile? Nadhani ni kwa sababu tumerithi desturi ya kuwazika kimya. Mtoto aliyeishi siku sita hatangaziwi msiba. Mama huambiwa, "Usijali, utapata mwingine," na mara nyingi kifo hicho hakiandikwi popote. Kifo kisichoandikwa hakimfikii waziri.

Wako watakaonijibu kwamba zamani tulikuwa na utu ambao leo haupo: mfiwa hakuachwa peke yake, majirani walilala msibani, wakaleta ndizi na kuni. Hilo ni kweli, na ningependa tulirudishe. Lakini utu ule ulikuwa na mipaka. Majirani walewale waliolala msibani kwa Bibi ndio waliomnong'ona asubuhi. Ukarimu bila maarifa uliweza kumkumbatia mama usiku na kumfukuza mchana. Na hili halijaisha: katika mikoa ya Kanda ya Ziwa tumeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi baada ya kifo cha mtoto ambacho hakuna aliyekieleza.

Nina maombi matatu. La kwanza ni kwa serikali: kila mtoto anayezaliwa Kanda ya Ziwa apimwe selimundu, na dawa ya haidroksiyurea ifike wilayani kwa bei ambayo mkulima wa kahawa anaimudu. La pili ni kwa Bunge: fedha za chanjo na vyandarua zitoke kwenye kodi yetu, zilindwe kisheria, na zisiwe za kwanza kukatwa mapato yanaposhuka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipimwe kwa swali moja tu: je, imemfikia mama anayejifungua usiku kijijini? La tatu ni kwetu sisi wenye familia. Tuwaulize bibi na shangazi zetu wangali hai. Tuandike walikuwa wangapi, walikufa na dalili gani, na nani alilaumiwa. Ukoo unaojua kwamba una selimundu unaweza kuwapima vijana wake kabla ya ndoa. Ukoo unaoficha utaendelea kutafuta mchawi.

Kabla sijaondoka Kishanda, nilimwomba shangazi tulizungushie eneo lile mawe. Nilidhani atakataa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Weka matano. Na ukiulizwa na watu, waambie mama yangu hakumroga mtu." Kijana wa uani ndiye aliyenisaidia kubeba mawe. Hakurudia maneno yake ya jioni ile, nami sikumkumbusha. Tulipoweka jiwe la mwisho, aliniuliza kama kipimo cha selimundu kinapatikana Bukoba.